Mayai ya Godelieve

Godelieve ameleta mayai sita
katika boksi la viatu, juu ya gazeti la juzi.
Moja bado lina unyoya ulioganda.
Kila moja ameliandikia tarehe kwa penseli,
na jina la aliyelitaga:
Roza, Roza, Mina, Roza, Mina, Leontien.
"Leontien hatagi sana," anasema. "Amezeeka kama mimi."

Kwao mto Schelde hupita mpana, rangi ya chai ya maziwa,
na nyuma ya banda la kuku kuna minara ya kiwanda
ambacho mumewe alikitumikia miaka thelathini na mmoja,
akastaafu, akapewa saa ya ukutani.
Saa bado inakwenda.

Nimemwambia asubiri siku nne.

Zamani, na zamani yangu ni mwaka juzi tu,
ningekimiminia kiini cha yai kiyeyushi kikali,
lita baada ya lita, chini ya feni inayonguruma,
glavu mbili mbili, macho yakiwasha,
na jioni kichwa kinagonga kama mlango usiofungwa vizuri.
Kisha pipa jekundu, lori, tanuri la mbali.
Natafuta sumu kwa sumu.
Dawa ya moto ni moto, alipenda kusema profesa wangu, akicheka.
Mapafu yake hayakucheka naye.

Leo nachukua mnanaa.
Si majani: fuwele zake, nyeupe, ndefu kama sindano,
naziweka pamoja na asidi itokayo kwenye mafuta ya nazi,
nayo nyeupe, nayo yabisi, imelala.
Napasha kidogo, joto la maji ya kumwogeshea mtoto.
Na hapo (nimeliona mara mia, bado sijalizoea)
vitu viwili vikavu vinagusana, vinakuwa maji.
Hakuna aliyemyeyusha mwenzake.
Kila mmoja amelegea kwa kumkuta mwingine.
Wenye vitabu wanalo jina refu.
Mimi naiita ndoa ya watu wazima.

Matone tu.
Yanazama katika kiini kilichokorogwa, yanazungushwa,
yanapanda juu yamebeba yalichotumwa.
Maabara yote inanuka peremende za kifua.
Joachim, meza ya pili, anauliza nani ana mafua.

Kinachotafutwa hakina harufu.
Kaboni na florini zimeshikana mikono,
jua haliziachanishi, wala bakteria, wala miaka.
Watu walikitengeneza kwa nia njema kabisa:
yai lisigande kikaangoni.
Sasa kimo ndani ya yai.
Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya,
kisha nikaandika namba.

Siku ya nne amekuja na koti lake la kanisani.
Nampa karatasi. Anaishika mbali, hana miwani.
"Ya Roza ni mabaya?"
Mabaya.
"Ya Mina?"
Pia.
"Na hili moja la Leontien?"
Hilo limezidi yote. Namweleza:
kuku hujipunguzia mzigo kwa kutaga;
atagaye sana hugawa kidogo kidogo,
atagaye mara moja moja hutoa akiba ya siku nyingi.

Ananyamaza. Nje tramu inapiga kengele.
"Mimi," anasema, "nilinyonyesha watatu.
Wa kwanza, Hildegonde, ndiye aliyenyonya zaidi."

Sina kiyeyushi cha jambo hilo.
Ningeweza kusema kwamba njia yangu mpya ni safi,
kwamba kwa kupima mayai yake
sikumwaga hata kikombe kimoja cha taka kali.
Ni kweli. Ninajivunia.
Nikaliacha kinywani.

Ananusa mkono wangu bila kuomba ruhusa.
"Mnanaa," anasema. "Gustaaf alijipaka huo kifuani,
usiku, akirudi zamu."

Mlangoni anageuka, anatoa kitu mfukoni,
bado kina vuguvugu.
"Roza, asubuhi hii," anasema.
"Sikujua kama niandike tarehe."
Penseli iko sikioni mwangu.
Naliandika.